Mdomo Haujafika

Niliinunua Mwanjelwa kwa fedha ya magunia kumi na tisa ya viazi,
nikaipandisha Tukuyu imeviringishwa blanketi la Mama,
inchi hamsini na tano, nyembamba kama sinia.
Ukungu ulikuwa umetutangulia sebuleni.

Picha, usipime. Jani la mgomba unalihesabu mishipa.
Sauti, mbu ndani ya chupa.
Spika zake zimegeukia nyuma:
msomaji wa habari anakutazama wewe
lakini anaongea na ukuta.

"Leteni lile dude langu," akasema Baba,
akimaanisha resiva ya mwaka elfu mbili na tatu,
kilo kumi na moja za chuma na vumbi,
aliyoilipia kidogo kidogo kwa mshahara wa kiwanda cha chai,
na spika mbili ndefu ambazo Mama
alizifanya meza, akazifunika vitambaa vya kudarizi.

Ikawa kazi.
Runinga haina yale matundu mekundu na meupe.
Resiva haijui HDMI ni mnyama gani.
Nikapiga magoti nyuma yao, tochi mdomoni,
mshenga kati ya koo mbili zisizoelewana lugha,
mpaka nikaona, kwa kila mmoja,
kijidirisha cha mraba chenye kope ya plastiki.

"Huo ni mlango wa mwanga," akasema Gwakisa wa duka la simu.
Elfu kumi na tano. Waya mwembamba kama utambi,
ncha yake inawaka nyekundu,
kaa lililosahauliwa jikoni.
"Maneno yanapita humo?" Baba akauliza.
Nikamjibu nikiwa nimeinama. Akauliza tena.

Tukachomeka. Kimya.
Nikaingia kwenye mipangilio, nikatafuta sauti ya kidijitali,
nikaiomba runinga iache madaha yake ya kisasa
izungumze PCM, kilugha cha resiva za zamani.
Nyumba ikapiga chafya.
Vikombe vikagongana kabatini,
kuku aliyekuwa akiatamia uvunguni akatoka mbio,
na Baba akaweka kiganja juu ya spika
kama apimaye homa ya mtoto,
akatabasamu.

Kisha akakunja uso.
"Huyu bwana ana watu wawili."
Nani?
"Msomaji. Neno limeshatoka, mdomo haujafika."

Mimi sikuona kitu. Dada Atuganile hakuona.
Gwakisa, aliye fundi, alisogea karibu na kioo, akashika kidevu,
ndipo akakubali: runinga huipamba picha kwanza, picha ikachelewa;
sauti haina subira, haingoji mtu ajipambe.
Kuna kipimo chake. Nikashika rimoti.
Milisekunde ishirini.
"Bado."
Sitini.
"Bado, anakimbia."
Mia moja na kumi.
"Hapo. Sasa ni mtu mmoja."

Tukamcheka, mzee ana jicho la mwewe!
Mimi ndiye niliyenyamaza wa kwanza.

Miaka ishirini na minne kando ya mashine za kukausha majani,
ambako hata ukiitwa jina lako husikii.
Walikuwa wakisomana usoni, na hakuna aliyetuambia.
Nikakumbuka "ndiyo, ndiyo" zake kwenye simu,
hata nilipomwuliza ng'ombe wangapi wamekufa.
Nikamkumbuka Mama, akimwita kutoka jikoni,
mara moja, mara ya pili, ya tatu kwa hasira,
halafu sufuria tu.
Mume wangu ana kiburi, aliwaambia majirani.
Tulimzika akiamini hivyo.

Mvua ikaanza kupiga bati, ile ya kwetu isiyobisha hodi.
Baba hakuinua kichwa.

Nikazima runinga.
Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake,
nikaigeuza taa inimulike mimi,
nikaanza upya habari za viazi,
tangu mbegu.